Banjo ya kopo siku ya mavuno

Banjo ilianzishwa na watu waliohamishwa kwa nguvu. Nasema hivyo mapema kwa sababu klabu yetu ya vijana ilipoombwa kupiga siku ya mavuno kwenye shamba la jamii hapa Dzaleka, wazazi wengine walikataa. Ati makopo ni michezo ya watoto, tutawaaibisha mbele ya wageni, heri tukodi kinanda na spika. Siku yenyewe tukapiga, na mgeni mmoja, kwa moyo mzuri kabisa, akatuuliza tumejifunzia wapi ala ya Wazungu wa Marekani. Jibu la pande zote mbili ni moja.

Wajola wa Senegali na Gambia wana ala inaitwa ekonting: kibuyu kilichowambwa ngozi, shingo ndefu ya mti, nyuzi 3, na mmoja wao ni mfupi, wa kidole gumba. Watu wa Afrika Magharibi waliouzwa utumwani walipandishwa melini mikono mitupu, lakini ufundi waliujua. Kule Karibi wakakuta vibuyu vipo, ngozi zipo, wakaanza upya. Daktari Hans Sloane alifika Jamaika mwaka 1687, na kitabu chake cha 1707 kina picha ya ala zao. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, na ambaye mwenyewe alimiliki watumwa, aliandika wazi kwamba ala hiyo waliitoa Afrika.

Mashambani huko, mavuno yakiisha, watumwa walikusanywa usiku kumenya lundo la mahindi. Kazi ilikuwa ya bwana, lakini nyimbo zilikuwa zao, na baadaye watu walicheza kwa banjo na fidla. Kwa hiyo banjo na mahindi wanajuana zamani sana.

Sasa iliendaje mpaka mgeni wetu akadhani ni ya Wazungu? Joel Walker Sweeney, Mzungu wa Virginia, alijifunza kwa Weusi, na mwaka 1843 akaipeleka Uingereza. Miaka hiyohiyo vikundi vya Wazungu vilianza kujipaka masizi usoni na kupanda jukwaani na banjo, wakiwaigiza Weusi kama wajinga. Watu walilipa kiingilio ili wacheke. Baadaye viwanda vikatengeneza banjo za kupendeza, na vyuo vya matajiri vikawa na klabu za banjo (ndiyo, klabu za banjo, kama sisi). Weusi wengi polepole wakaiacha. Gitaa nalo lilichangia, lakini mimi naona aibu ndiyo ilifanya kazi kubwa. Nani atake kushika kitu ambacho kila akikishika anakumbushwa alivyochekwa?

Wachache hawakuacha. Huko North Carolina, mzee Joe Thompson, mpiga fidla aliyezaliwa 1918, aliendelea na muziki ambao familia yake ilipiga pamoja na banjo. Mwaka 2005 wapiga banjo Weusi walikutana mji wa Boone, jimbo hilohilo. Vijana watatu wakatoka hapo wakaenda kwa mzee Thompson kufundishwa, wakaunda kikundi cha Carolina Chocolate Drops. Mwaka 2011 walipata tuzo ya Grammy. Mzee alifariki 2012.

Jina la banjo lilisharudi Afrika zamani. Malawi na Zambia vijana wanaitengeneza kwa kopo la mafuta, ubao, na waya wa breki ya baiskeli, na sisi tuliotoka Kongo tumeijulia hapa kwa wenyeji wetu. Wao hawaoni aibu. Kwetu, vijana wawili wameacha klabu tangu yale maneno ya wazazi, na mmoja wao ndiye aliyekuwa anajua kukaza nyuzi vizuri kuliko sote.

Mazoezi ni kila Jumamosi saa kumi jioni, pembeni ya shamba. Mama mwenye kopo tupu la mafuta, naomba asilitupe.