Shamba la Imani Lililozama Matopeni

Nikisoma habari za Siku ya Vijana Duniani ya Rio de Janeiro, 2013, namfikiria mkazi wa Guaratiba kuliko Papa. Benedikto XVI ndiye aliyeitangaza Rio, kule Madrid, Agosti 2011. Februari 2013 akang'atuka, na Julai akaja Fransisko. Hilo waandaaji walilimudu. Kilichowashinda ni mvua. Uwanja wa Guaratiba, waliouita Campus Fidei, yaani Shamba la Imani, ukawa tope tupu. Mkesha na misa ya kufunga vikahamishiwa ufukweni Copacabana. Papa akawaambia vijana kwamba shamba lenyewe ni wao. Maneno matamu, sawa. Lakini aliyejaza soda na mikate nyumbani akisubiri mahujaji wapite, jamani, angemuuzia nani?