Leso za Kawira: Vazi la Harusi Katika Kudai Haki

Katika harusi nyingi za Mwea, Nyeri na Meru, bibi harusi hakanyagi vumbi. Akina mama humtandikia leso chini huku wakipiga ngemi, yaani vigelegele, naye hupita juu yake taratibu hadi mlangoni. Ni namna ya kumwambia mgeni kwamba boma hili sasa ni lake.

Mwaka 2017 msanii Kawira Mwirichia, mwenye jina la Kimeru, aliichukua heshima hiyo akawapa watu ambao kwa kawaida hawatandikiwi chochote. Katika maonyesho yake, "To Revolutionary Type Love", yaliyofanyika Taasisi ya Goethe jijini Nairobi, alionyesha leso, au kanga, alizozibuni mwenyewe kuadhimisha historia ya wapenzi wa jinsia moja katika nchi mbalimbali duniani. Utaratibu wa kanga aliufuata: pindo pande zote, mji katikati, na jina, yaani maneno yanayoandikwa juu yake.

Alichagua chombo kilichozoea kazi hiyo. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kanga imebeba ujumbe ambao mvaaji hangeweza kuutamka mbele ya mkwe, jirani au mke mwenza. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lenye chapa ya "Mali ya Abdulla", lilianza mwaka 1887, na vazi hilo la pwani likapanda bara hadi kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Leo hakuna anayeliita la kigeni sokoni Karatina au Wang'uru.

Kwingineko duniani pia, sindano na uzi vimetumika katika kudai haki. Mwaka 1978 Gilbert Baker na wenzake waliitia rangi kwa mikono na kuishona bendera ya kwanza ya upinde wa mvua, San Francisco. Oktoba 1987 familia na marafiki wa waliokufa kwa UKIMWI walitandaza mjini Washington vipande 1,920 vya vitambaa, kila kimoja kikiwa na ukubwa unaokaribia ule wa kaburi.

Nchini Kenya, kazi ya namna hii ina gharama. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vinahusu mahusiano ya jinsia moja, na adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 14. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Bodi ya Uainishaji wa Filamu iliizuia "Stories of Our Lives" mwaka 2014, kisha "Rafiki" ya Wanuri Kahiu mwaka 2018, hadi mahakama iliporuhusu "Rafiki" ionyeshwe kwa siku 7 tu. Filamu huhitaji kibali. Leso haihitaji: hukunjwa, hutiwa kapuni, hufungwa kiunoni, na ujumbe wake husafiri nayo.

Wapo wanaosema kwamba mapenzi ya jinsia moja hayana mizizi huku mlimani. Historia yenyewe ni pana kuliko dai hilo. Miongoni mwa Wagikuyu mwanamke aliweza kumwoa mwanamke mwenzake kwa kufuata taratibu za ndoa, mahari ikiwemo. Wairimu Njambi na William O'Brien, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2000, waliwasikiliza wanawake wa ndoa hizo wakitaja sababu nyingi: watoto, shamba, kusaidiana, na kuwa na mwenza wa kuishi naye. Ndoa hizo si sawa na mapenzi ya jinsia moja ya leo, lakini zinaonyesha kwamba wazee walijua zaidi ya njia moja ya kujenga nyumba.

Kawira alifariki mwaka 2020, angali kijana. Makumbusho ya Nyeri, yaliyomo katika jengo la zamani la mahakama ya Waafrika pale Ruring'u, pamoja na vituo vingine vya urithi vya eneo hili, vinapaswa kuitafutia kazi yake nafasi kando ya vyondo na vibuyu, ili vijana wanaofukuzwa nyumbani kwa sababu ya wale wanaowapenda wajue kwamba binti mwenye jina la kwao aliwahi kuwatandikia leso.