Nyumba za Milango Myekundu: Vituo vya Zimamoto vya London

Jumamosi ya tarehe 22 Juni 1861 moto ulizuka katika maghala ya Tooley Street, kando ya mto Thames, yaliyosheheni katani, pamba na mafuta ya wanyama. Jioni hiyo ukuta uliporomoka ukamuua James Braidwood, mkuu wa wazimamoto wa London, akiwa mstari wa mbele pamoja na watu wake. Moto ulidumu wiki mbili.

Braidwood alikuwa mzaliwa wa Edinburgh. Huko, mwaka 1824, ndiko alikoongoza kikosi cha kwanza cha zimamoto cha manispaa nchini Uingereza, akiwaajiri maseremala, waashi na waezekaji wa mapaa, watu waliojua jengo linavyosimama na kwa hiyo linavyoanguka. Mwaka 1833 kampuni 10 za bima za London ziliunganisha vikosi vyao na kumwita aviongoze. Jiji kubwa kuliko yote duniani, basi, lilikuwa likizimiwa moto na wafanyabiashara, kwa fedha zao na kwa kulinda mali walizoziwekea bima.

Hasara ya Tooley Street iliwashinda. Waliijulisha serikali kwamba hawawezi tena kuubeba mzigo huo, na Bunge likapitisha sheria mwaka 1865. Tarehe 1 Januari 1866 London ikapata kikosi cha umma chini ya Kapteni Eyre Massey Shaw, aliyependa kuajiri mabaharia kwa sababu walikwishazoea kukesha, kupanda kamba na kutii amri bila kuuliza.

Hapo ndipo kituo cha zimamoto kilipozaliwa kama jengo la aina yake. Mzimamoto wa zama hizo hakuwa na zamu ya kumaliza na kurudi kwake. Kituo ndicho kilichokuwa kwake. Chini zilikaa pampu za mvuke, nyuma yake farasi, na ghorofani mke, watoto, jiko na kamba za kuanikia nguo. Milango mipana ilitazama barabarani moja kwa moja ili pampu itoke bila kukata kona. Mnara nao ulikuwa na kazi: mlinzi alisimama juu akitafuta moshi, na mipira ya maji ya turubai ilitundikwa humo ikauke, maana ikikunjwa mbichi huoza. Robert Pearsall, mmoja wa wasanifu wa miaka hiyo, aliyapa majengo haya sura ya Kigothi, kwa matofali mekundu na madirisha yaliyochongoka. Kituo chake cha Manchester Square, cha mwaka 1889, kingali kimesimama.

Lakini uzuri wenyewe ulikuja karibu na mwaka 1900. Baraza la Kaunti ya London, lililoundwa mwaka 1889, lilikuwa na wasanifu vijana waliokuwa wakijenga nyumba za wafanyakazi maskini huko Shoreditch, wakiongozwa na Owen Fleming. Baadhi yao walihamishiwa ujenzi wa vituo vya zimamoto, wakaja na imani yao ileile: kwamba mtu anayelipwa kidogo naye anastahili mwanga wa jua, dirisha zuri na ukuta uliojengwa kwa mikono yenye ustadi. Kituo cha Euston cha mwaka 1902, kazi ya H. F. T. Cooper, kinaonyesha imani hiyo waziwazi. Madirisha yake yanachomoza huku na huko, kila moja likifuata chumba kilicho nyuma yake. Hakuna aliyeyapanga sawasawa ili kumfurahisha mpita njia. Kituo cha Belsize, alichokisanifu Charles Canning Winmill na kukamilika mwaka 1915, kina paa la mwinuko mkali na mabomba marefu ya moshi, na mgeni angedhani ni jumba la shambani la tajiri.

Nje ya London, jiji la Manchester lilikwenda mbali zaidi. Kituo chake cha London Road, kilichofunguliwa mwaka 1906, kilikusanya chini ya paa moja zimamoto, polisi, gari la wagonjwa, benki na mahakama ya kuchunguza vifo.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia zamu mbili zilianzishwa, injini ya petroli ikamwondoa farasi, na taratibu familia zikahama. Makao makuu mapya ya Lambeth, yaliyofunguliwa mwaka 1937, yalikuwa na roshani za kutazamia mazoezi uwanjani. Miaka mitatu baadaye mabomu ya Wajerumani yaliigeuza London kuwa uwanja wa mazoezi ya kweli, usiku baada ya usiku, na mwaka 1941 serikali ikaviunganisha vikosi vyote vya nchi kuwa kimoja hadi mwaka 1948.

Januari 2014 vituo 10 vya London vilifungwa kwa siku moja ili kupunguza gharama, Belsize kikiwamo, pamoja na Clerkenwell kilichokuwa kikifanya kazi tangu miaka ya 1870. Wakazi waliandamana kuvitetea, na walikuwa na haki. Manchester Square, kilichofungwa mwaka 2005, kiligeuzwa kuwa hoteli ya kifahari. Sheria inazilinda kuta za majengo mengi ya aina hii, ila haiwezi kulazimisha gari la zimamoto liendelee kukaa ndani. Euston kingali kituo cha zimamoto.