Wavuvi wa Mshipi na Maji ya Mto Derwent

Mto Derwent huanzia kwenye vilima vya kaskazini mwa Derbyshire, Uingereza, hupita mjini Derby, kisha humwaga maji yake katika mto Trent. Chama cha wavuvi wa mshipi cha Pride of Derby kilimiliki haki ya kuvua humo. Vyama vya namna hii hupanda vifaranga vya samaki, hufyeka magugu ya majini na huimarisha kingo, lakini kazi hizo zote hupotea bure iwapo maji yanayoshuka kutoka juu yamekwisha kuharibika.

Uharibifu wenyewe ulikuja kwa hatua. Mwaka 1901 mji wa Derby ulipewa kwa sheria mamlaka ya kujenga mitambo ya kusafisha majitaka, nayo ilitosha kwa wakati wake. Mji ukakua, mitambo ikazidiwa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ndugu wawili Waswisi, Camille na Henri Dreyfus, walifungua kiwanda huko Spondon, karibu na Derby, kutengeneza rangi ya kukaza vitambaa vya mabawa ya ndege. Baada ya vita kiwanda hicho, British Celanese, kiligeukia hariri bandia, na taka zake zikaingia mtoni. Kisha kituo cha kufua umeme kikawa kinarudisha mtoni maji ya moto.

Msomaji anaweza kuuliza: maji ya moto yana sumu gani? Hayana. Ila maji ya nyuzi 10 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 25 hubeba kama 8 tu. Wakati huohuo vijidudu vinavyoozesha majitaka huchangamka kwa joto na kuila oksijeni iliyobaki. Mchanga hufunikwa na utando wa kijivu mfano wa pamba chafu, wadudu wanaoliwa na samaki hufa, na samaki hufuata. Kila mchafuzi, basi, aliongeza madhara ya mwenzake.

Sheria dhidi ya uchafuzi wa mito ilikuwapo tangu 1876, lakini ilikuwa dhaifu. Kukishtaki kiwanda kulihitaji idhini ya serikali, na halmashauri zilizokabidhiwa ulinzi wa mito mara nyingi ndizo zilizomwaga majitaka. Chama cha wavuvi nacho kiliogopa gharama, kwa kuwa anayeshindwa mahakamani Uingereza kwa kawaida hulipa pia gharama za mshindi. Mwaka 1948 wakili John Eastwood, mvuvi mwenyewe, alianzisha umoja wa kuchanga fedha na kuvidhamini vyama vilivyoshtaki.

Kwa msaada huo, Pride of Derby pamoja na mwenye ardhi ya ukingoni, Earl wa Harrington, walikishtaki kiwanda, mji na mamlaka ya umeme. Hawakuegemea sheria ya 1876, bali kanuni ya kale kwamba mwenye haki mtoni anastahili kuyapokea maji katika hali na joto lake la asili. Mji ulijitetea kwamba wakazi waliongezeka bila kosa lake, na kwamba fidia ingetosha. Jaji Harman aliukataa utetezi huo mwaka 1952, na Mahakama ya Rufani ikamuunga mkono. Zuio lilitolewa, ila utekelezaji wake uliahirishwa ili mji upate muda wa kujenga.

Wapo wanaosema mito ya Uingereza iliokolewa na Bunge, na kweli sheria mpya ilipitishwa 1951. Mimi naona kwamba kwa Derwent haki ya kumiliki uvuvi ndiyo iliyotangulia kufanya kazi, kwa sababu mwenye haki hakulazimika kumwomba mtu idhini ya kushtaki. Umoja wa Eastwood bado upo, na tangu 2009 unajulikana kwa jina la Fish Legal.