Waashi na Hojaji

Historia ya utafiti wa uchovu wa kazi huanzia New York mwaka 1974, mwanasaikolojia Herbert Freudenberger alipoandika juu ya wahudumu wa kliniki za bure waliokwisha nguvu. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson wakachapisha hojaji ya kuupima: kukauka kihisia, kumwona mhudumiwa kama kitu, kujiona hufanikishi lolote. Kwa upande wa Sydney, Australia, ningeianza historia hiyo mbali zaidi. Mwaka 1855 waashi wa mawe waliokuwa wakijenga kanisa la Holy Trinity na lile la mabaharia waligoma, wakadai siku ya kazi isizidi saa nane, wakapata. Hawakuomba wafundishwe ustahimilivu. Walitaka kazi yenyewe ipangwe upya. Naona utafiti bora wa Sydney, karne na nusu baadaye, umerudi pale pale.

Mtu atasema nyundo na jua huchosha misuli, na misuli hupona kwa usingizi, ilhali uchovu wa mwalimu humfuata hadi kitandani. Kweli, si uchovu wa namna moja. Lakini tutazame chanzo. Uchunguzi wa walimu wakuu wa Australia ulioanzishwa na Philip Riley mwaka 2011, na kuendelezwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Australia, umetaja mwaka baada ya mwaka vyanzo viwili vikuu vya msongo: wingi wa kazi, na kukosa muda wa kushughulikia ufundishaji wenyewe. Utukutu wa watoto haukuongoza orodha. Na wauguzi wa New South Wales walipogoma Februari 2022, dai lao kubwa lilikuwa hesabu tu: muuguzi mmoja kwa wagonjwa wangapi?

Michezo ndiyo inayoijaribu hoja hii, kwani mwogeleaji huenda bwawani kwa kupenda, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hojaji ya Maslach haikumfaa, maana hana mgonjwa wala mwanafunzi wa kumhudumia; mwaka 2001 Thomas Raedeke na Alan Smith waliondoa kipimo cha kumwona mhudumiwa kama kitu, wakaweka badala yake swali la kama mchezo bado una thamani kwa mwanamichezo. Chris Lonsdale, aliyefundisha katika vyuo vikuu vya Sydney, na wenzake walichunguza wanamichezo 201 wa ngazi ya juu wa Kanada. Matokeo ya 2009 yalionyesha kuwa uchovu ulikwenda pamoja na kukosa hiari na kujiona huwezi. Kupenda, basi, hakumkingi mtu aliyeporwa uamuzi. Hiyo nayo ni habari ya mpangilio.

Tangu 26 Agosti 2024 wafanyakazi wengi wa Australia wana haki ya kutojibu simu ya mwajiri nje ya saa za kazi, ilimradi wasikatae bila sababu ya msingi. Mwogeleaji wa miaka 14 hana mwajiri, ana kocha. Sheria hiyo haimgusi.