Meddle ni kuingilia, ama ni kuingilia kati?

Juzi hapa Kihoto jirani alimwambia mwenzake ahamishe watoto kabla maji hayajafika mlangoni. Jibu alilopata ni la Kiingereza: "Stop meddling!" Wakarushiana maneno hadi giza likaingia. Na Kihoto kwa Kikuyu ni hoja ya haki, kwa hivyo kubishana tumezaliwa nako.

Mimi nilibaki na hilo neno. Zamani meddle haikuwa matusi. Waingereza waliitoa kwa Kifaransa cha kale, ikimaanisha kuchanganya tu, vile unakoroga uji. Baadaye ndiyo ikawa kutia mkono kwa yasiyokuhusu. Sisi tuna kuingilia. Lakini ongeza neno moja, kuingilia kati, na mkorofi anageuka msuluhishi. Ukisoma historia yetu, angalia nani alinyimwa hiyo "kati".

Chukua Smith Hempstone. Alikuwa mwandishi wa habari kabla Marekani kumleta Nairobi kama balozi 1989. Kenya ilikuwa ya chama kimoja kwa sheria tangu 1982, kile Kifungu cha 2A. Mei 1990 akasimama mbele ya klabu ya Rotary akasema Bunge la kwao litapendelea kusaidia nchi zinazoheshimu demokrasia na haki za binadamu. Mwezi huo huo Kenneth Matiba na Charles Rubia wakajitokeza kudai vyama vingi. Serikali ya Moi ikawaka: balozi anaingilia mambo yetu ya ndani! Julai, Matiba na Rubia wakatiwa kizuizini, na wakili Gibson Kamau Kuria akakimbilia ubalozi wa Marekani. KANU iliona uchokozi. Wasee waliokuwa wanasakwa waliona mlango uko wazi. Novemba 1991 wafadhili wakasimamisha misaada mipya, na Desemba 2A ikafutwa.

Si eti Marekani ni malaika. Miaka ya Vita Baridi ilinyamaza na msaada ukaendelea kuja. Huko pia ni kutia mkono, lakini KANU haikulalamika hata siku moja.

Na hapa bondeni? 1904 Waingereza waliweka sahihi na Lenana, Wamaasai wakaondolewa Bonde la Ufa, masetla wakapata ardhi. Hiyo waliita mkataba. Maze!

Halafu 2025 ziwa likapanda hadi ndani ya nyumba, watu wakawa wanavuka mtaa kwa boti. Kuna wanaotuambia ni sisi tuliingilia ziwa kwa kujenga mahali pake. Kodi ya nyumba mbona ilipokelewa vizuri tu, kila mwezi, bila mtu kutaja ziwa?

Yule jirani mbishi alihama wiki iliyofuata. Aliyemsaidia kubeba godoro ni yule yule aliyeambiwa ni meddler. Nilimuuliza mwenye godoro nini kimetokea, akanijibu kwa neno moja: "Yameingia." Viti vyake bado viko ndani.