Nuru, Mafundo na Wavu: Jinsi Istilahi za Sayansi Mpya Zilivyotufikia

Katika somo la istilahi mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alikuwa amesoma hisabati kwa Kifaransa tangu sekondari, na alijua kwamba lugha hiyo ina maneno mawili: "graphique", yaani mchoro unaoonyesha jinsi kiasi kinavyopanda na kushuka, na "graphe", yaani nukta zilizounganishwa kwa mistari. "Mwalimu, mbona sisi tuna grafu moja tu?" Nikamwomba anipe wiki moja. Makala haya yametokana na wiki hiyo, ambayo kwa kweli iligeuka kuwa miezi.

Nilianza na historia ya jambo lenyewe, kwa sababu istilahi haieleweki mpaka ujue kitu kilizaliwa lini na jina lake likaja lini. Mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi, ulikuwa na madaraja saba yaliyounganisha vipande vinne vya ardhi. Swali lilikuwa hili: je, mtu anaweza kutembea akavuka kila daraja mara moja tu? Mwaka 1736 Leonhard Euler alithibitisha kwamba haiwezekani. Kila unapoingia mahali na kutoka unatumia madaraja mawili; kwa hiyo, ukiacha mahali pa kuanzia na pa kumalizia, kila mahali panahitaji madaraja ya idadi shufwa. Kule Königsberg kipande kimoja kilikuwa na madaraja matano na vingine vitatu vilikuwa na matatu matatu. Ndiyo mwanzo wa nadharia ya grafu. Lakini Euler mwenyewe hakulijua jina hilo! Mwingereza J. J. Sylvester ndiye aliyelitumia kwa maana hii mwaka 1878, yaani miaka 142 baadaye, na kitabu cha kwanza cha kufundishia fani hiyo, cha Mhungaria Dénes Kőnig, kilitoka mwaka 1936.

Elimu ya nuru nayo ilipita njia hiyohiyo. Einstein alieleza mwaka 1905 kwamba nuru huenda kwa vipande vya nishati, lakini jina "fotoni" lilianza kuenea mwaka 1926. Leza ya kwanza iliwaka mwaka 1960 mikononi mwa Theodore Maiman huko Marekani, na jina lake ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza zilizobandikwa pamoja, nasi tumelimeza hivyohivyo. Roy Glauber alijenga nadharia ya optiki ya kwanta mwaka 1963 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mwaka 2012 ilikuwa zamu ya Serge Haroche, mzaliwa wa Casablanca (Afrika nasi tumo, angalau kwa kuzaliwa), pamoja na David Wineland. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Aspect, Clauser na Zeilinger kwa majaribio yao juu ya fotoni zilizofungamana.

Ninayataja haya kwa ajili ya wale wanaosema Kiswahili hakifai kwa sayansi kwa kuwa hakina maneno. Siku Euler alipokuwa akihesabu madaraja yake, hakuna lugha yoyote duniani iliyokuwa na neno hilo.

Wavuti ilizikutanisha fani hizi mbili. Tim Berners-Lee aliandika pendekezo lake huko CERN, Geneva, mwaka 1989, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikaiachia dunia nzima bila malipo. Mwaka 1998 Sergey Brin na Larry Page wakaichukua wavuti kama grafu kubwa: kila ukurasa ni nukta, kila kiungo ni mshale, na ukurasa hupata uzito kutokana na uzito wa kurasa zinazouelekea. Na kurasa hizo husafiri kwa nuru ndani ya nyuzi za kioo, wazo alilolitetea Charles Kao mwaka 1966. Nyaya za SEACOM na EASSy zilifika pwani yetu ya Afrika Mashariki mwaka 2009 na 2010, kisha nyaya za nchi kavu zikapanda hadi huku Bujumbura.

Kiswahili kilikuwa wapi wakati huo? Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilizaa TUKI mwaka 1964. BAKITA ikafuata mwaka 1967. TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, miaka mitatu kabla ya wavuti kuachiwa umma. Kwa hiyo teknolojia hii mpya ilikuta lugha yenye uzoefu wa kuunda istilahi, ila si hizi. Mwaka 1994 Martin Benjamin alianzisha mradi wa Kamusi katika Chuo Kikuu cha Yale. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Kiswidi IT+46 ulitoa Jambo OpenOffice. Google ilianza kutafsiri Kiswahili mwaka 2009. Maneno mengine yalikubaliwa upesi, kama barua pepe. "Tarakilishi" limeshindana na "kompyuta" na, kwa masikio yangu, limeshindwa. "Kuvinjari" ndilo ninalolipenda zaidi: lilikuwa neno la mabaharia wanaozungukazunguka baharini kuchunguza, likahamia kwenye skrini bila kubadili hata silabi.

Hapa kwetu mambo ni tofauti kidogo. Kiswahili kilifika na misafara na baadaye kikatumiwa na utawala wa Wajerumani. Buyenzi wanakizungumza nyumbani hadi leo. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na katika miaka hiyo Kiswahili kikaingizwa katika shule za msingi. Lakini istilahi za Dar es Salaam zilipotufikia, zile za Kifaransa zilikuwa zimeshakaa kwenye viti. Mtoto wa Buyenzi ana lugha mdomoni, lakini hesabu za madarasa ya juu anazisoma kwa lugha nyingine, na akirudi nyumbani hawezi kumweleza mama yake alichojifunza. Hilo linaniuma kuliko upungufu wowote wa kamusi.

Turudi kwa mwanafunzi wangu. Jibu nililipata ziwani Tanganyika, kwa wavuvi wa ndagala ambao huwasha taa usiku ili samaki wafuate nuru hadi kwenye wavu. Wavu una mafundo, una nyuzi kati ya fundo na fundo, na una macho. Nilichora ubaoni wavu wa mafundo tisa, matatu kwa matatu. Tulihesabu nyuzi 12 na macho manne. Eneo la nje tukalihesabu kama jicho la tano. Tisa toa 12 jumlisha tano ni mbili. Kisha nikawaambia wachore wavu wowote wapendao, alimradi nyuzi zisipishane na usikatike vipande. Kila mmoja alipata mbili. Euler aliieleza kanuni hiyo kwa kuhesabu pembe, kingo na nyuso za maumbo katika barua kwa Goldbach mwaka 1750. Darasa letu liliipata kwa maneno ya mvuvi.

Jina la kitu kizima ndilo bado tunabishania. Baadhi wanataka "grafu" libaki kwa maana hii na ule mwingine uitwe "mchoro wa takwimu". Wengine wanataka "wavu", lakini wanapingwa kwamba grafu nyingine haina jicho hata moja, kama mti na matawi yake. Karatasi ya mapendekezo imebandikwa kwenye mlango wa ofisi yangu, na bado ina nafasi.